Sharubati ya Kapteni Trifon

Gari liliingia uani na kusimama karibu na banda la kuni, lakini mlango wake haukufunguliwa. Nevena alisubiri dirishani, unga mikononi. Injini ilinguruma taratibu, moshi mweupe ukatambaa juu ya theluji, na jogoo wa baba mkwe wake alikwisha kuwika hadi akachoka. Alipoona hakuna anayeshuka, alijitupia koti mabegani akatoka.

Trifon alikuwa amelala. Mkanda ulikuwa bado umembana kifuani, na mikono yote miwili ilikuwa juu ya usukani. Hakulala kama mtu aliyejinyoosha apumzike. Alilala kama taa iliyozimwa. Nevena alipenyeza mkono, akazima gari. Ukimya ndio uliomwamsha.

"Nimefika," alisema Trifon.

"Umefika."

"Nilikuwa najiandaa kushuka."

"Nimeona ulivyojiandaa."

Alicheka, akajipangusa uso kwa kofia yake ya kazi. Macho yalikuwa yamemwiva kama ya mtu aliyekesha akipuliza kuni mbichi.

"Mlipumzika wapi safari hii?" Nevena aliuliza.

"Kwenye viti."

"Vile vya plastiki?"

"Vya plastiki vimeondolewa. Wametuletea vya chuma. Tunaendelea vizuri."

Trifon alirusha ndege ya vifurushi. Kila jioni ya zamu yake aliondoka Plovdiv, Bulgaria, kwenda Ujerumani, ambako ndege zote za kampuni hukusanyika, hushusha, hupakia na kutawanyika tena kabla ya mapambazuko. Mizigo ikipangwa, marubani hungoja katika chumba kimoja kilichopakana na mlango wa magari ya kunyanyulia shehena, na kila gari likirudi nyuma hulia king'ora. Hapo ndipo mtu alitakiwa kupumzika.

"Mkuu wenu Vlaychev amekupigia?" Nevena aliuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Kuhusu nini?"

"Usijifanye mgeni. Kuhusu meza."

"Bado."

Meza. Nyumbani kila mtu aliiita hivyo, kana kwamba duniani kulikuwa na meza moja tu. Mzee aliyepanga zamu za marubani alikuwa anastaafu, na nafasi yake ilihitaji mtu aliyewahi kuruka. Unaingia asubuhi, unatoka jioni, unalala kitandani kwako giza likiwa nje. Nevena ndiye aliyemsukuma mumewe aiombe. Alikuwa amechoka kuishi na mtu anayefungiwa mapazia jua likichomoza. Nyumba nzima ilikuwa imejifunza kunyata. Rada, binti yao wa darasa la tatu, alinong'ona hata shuleni, hadi mwalimu akamwita Nevena na kumuuliza mbele ya wazazi wengine kama mtoto huyu anapigwa. Nevena alijibu kwamba baba yake hulala mchana. Mwalimu alimtazama kwa macho ya mtu aliyezoea kudanganywa.

"Ingia ulale," Nevena alisema. "Maji ya moto yapo."

Lakini mzee Gencho, baba yake Trifon, alikuwa amekwisha kutokea upande wa pishi, mkasi wa kupogolea mkononi na kibuyu cha mvinyo begani.

"Ee, mwenye siku yake amelewa kabla ya kunywa," alisema. "Bibi harusi, huyu anakwenda shambani au tumwagilie mvinyo hapo hapo garini?"

Miaka kumi na moja ya ndoa, na bado alimwita bibi harusi.

"Baba, mwache alale kidogo tu. Ndiyo kwanza ameshuka angani."

"Wanakijiji wamekwisha kufika mizabibuni, na ngoma inalia. Siku ya Mtakatifu Trifon, bwana wa mizabibu na mvinyo, shina la kwanza hukatwa na mwenye jina lake. Nikawaambie nini? Kwamba Trifon wangu anaota?"

"Nakwenda," alisema Trifon. "Saa moja tu, Nevena. Nikikata, nikamwaga mvinyo shinani, narudi kulala."

Akabadilisha viatu, akapokea mkasi. Nevena alimtazama akipanda kilima nyuma ya baba yake, akikanyaga pale pale alipokanyaga mzee, kama mtoto.

Saa moja ile ilikwisha na nyingine ikaanza. Waliporudi, wageni wa kwanza walikuwa wamekwisha kufika.

*

Siku ya jina, yaani sikukuu ya mtakatifu ambaye umepewa jina lake, hakuna anayealikwa. Unaacha lango wazi, unatandika meza, unangoja. Anayekukumbuka huja, na aliyekuja hafukuzwi. Nevena alikuwa amejiandaa kwa watu wa kila mwaka: majirani wawili watatu, msimamizi wao wa harusi na mkewe, na yeyote wa kazini ambaye hakuwa zamu. Alikuwa amejaza wali kwenye kuku wawili, ameoka mkate mkubwa wa duara wenye majani ya mzabibu ya kusokotwa kwa unga juu yake, na ameopoa kabichi la chachu kutoka pipani.

Kapteni Lilyana alitangulia. Alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti nzito, amebeba sufuria iliyofungwa kwa taulo. Akafuata Ognyan, rubani msaidizi aliyeruka na Trifon, kijana mwenye kichanga nyumbani na madoa ya maziwa begani mwa koti. Wakaja wengine wawili, kisha watatu, kisha gari zima. Theluji ya mbele ya ua ikachorwa na matairi hadi kwa jirani.

Nevena alimvuta mumewe nyuma ya mlango wa ghala.

"Trifon, hawa wote wa kwenu?"

"Wamenikumbuka."

"Mwaka jana walikukumbuka wawili."

"Mwaka huu nimependwa."

Nevena alimkazia macho hadi Trifon akashusha yake.

"Kampuni imetukataza kukutana," alisema. "Magari manne yakionekana mbele ya mkahawa, kesho yake wanne hao wanaitwa ofisini mmoja mmoja. Lakini siku ya jina hakuna aliyemwita mtu. Nani atamuuliza nani?"

"Na mimi ungeniambia lini?"

"Niliogopa utakataa. Kwa ajili ya meza."

Nevena alihisi neno hilo likimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Ungeniambia," alisema, "ningechinja kuku watatu."

Akaenda kukata soseji vipande vyembamba zaidi.

*

Mzee Gencho alivishwa shada la vijiti vya mzabibu kichwani, akawa mfalme wa siku, na ufalme ulimkaa vyema. Alizunguka meza na mtungi wake akimimina mvinyo mweusi hadi ukingoni, na kila aliyejaribu kuziba glasi kwa kiganja alimwagiwa kidole. Alipofika kwa mwanawe alipita kama hakumwona.

"Huyu yuko upande wa watoto."

Mbele ya Trifon kulikuwa na glasi ya sharubati ya cheri. Nevena aliichemsha kila kiangazi na kuweka chupa moja kando kwa ajili ya siku hii. Tangu Trifon aanze kazi katika kampuni, hakuwahi kuinua mvinyo siku ya jina lake, hata alipokuwa mapumzikoni, kwa sababu simu ingeweza kulia, na aliyeonja hawezi kuruka. Mwanzoni alikuwa akieleza. Siku hizi hakueleza tena. Aliinua tu sharubati yake. Kijijini walikuwa wakisema mtakatifu wa walevi amekosea nyumba.

"Usijali, kapteni," alisema Ognyan, akiinua sharubati yake. "Mimi ni zamu yangu leo ya kungoja simu. Wewe je, umeitwa na nani?"

"Mazoea," alijibu Trifon.

"Mazoea mabaya. Juzi mke wangu aliniamsha nimpe mtoto chupa, nikamwambia niko tayari kutua." Watu wakacheka, na kicheko kikamtia moyo kijana. "Lakini hilo si kitu. Usiku wa kuamkia jana na kapteni wetu huyu, tunarudi, tuko juu ya milima, kimya, nyota zote nje. Mara kapteni ananigeukia, ananiambia: habari za asubuhi. Mimi namjibu: nzuri, habari za kwako. Ndipo tukatazamana."

Wachache walianza kucheka, kisha vicheko vyao vikakatika. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nevena alikuwa amesimama nyuma yao na sahani ya kuku. Aliiweka mezani polepole.

"Basi hilo ndilo lililotuleta," alisema Lilyana. Hakupandisha sauti. "Nasema mambo mawili, kisha tule. La kwanza ni vitanda. Chumba chenye mlango na giza, kule tunakongoja. Si viti. La pili, siku ya mapumziko haiuzwi. Simu ikilia siku yako ya mapumziko, hukubali. Wala mimi, wala wewe, wala yule. Mmoja wetu akiuza yake, wengine wote wamekwisha."

"Ni rahisi kwako," alisema kapteni mmoja mwenye mvi, Krastan, akizungusha glasi. "Wako wameshakua. Mimi zile siku ninazouza ndizo zinazolipa benki."

"Ndizo wanazokushikia mkia, Krastan."

"Mkia wangu mwenyewe naujua, dada. Nasema tu."

"Sema. Ndiyo maana tumekuja."

Walibishana kidogo, kwa upole, midomo ikiwa na chakula. Mwishowe Krastan alishusha pumzi na kusema kwamba mkewe amekwisha kumwambia anaonekana mzee kuliko baba yake. Lilyana akausogeza mkate wa duara katikati ya meza.

"Haujamegwa bado. Anayekubali amege. Mwenye nyumba aanze."

Macho yote yakamgeukia Trifon. Alinyoosha mkono. Nje mbwa alibweka, mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia, na nyuma ya baridi akaingia mtu mwenye koti refu, chupa iliyofungwa karatasi ya kumetameta kwapani.

"Heri ya jina, Trifon," alisema. "Nimekuta lango wazi."

Alikuwa Vlaychev, mkuu wa marubani.

*

Asiyemjua alikuwa mzee Gencho peke yake, kwa hiyo ndiye aliyemkaribisha.

"Kaa, kaa, mwanangu. Umekonda hivyo, mke wako yu hai?"

"Yu hai, baba."

"Basi hapiki. Sogea, Krastan."

Vlaychev alikaa. Mgeni mwingine akiingia hutazama nyuso, kisha chakula. Vlaychev alitazama glasi. Alianzia kona ya mlangoni na kuizunguka meza yote, glasi baada ya glasi, na mvinyo ulikuwa mweusi katika kila moja: ya Lilyana, ya Krastan, za wengine wote. Alimwona Ognyan na sharubati yake. Kisha akamwona Trifon na ya kwake, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Mimi naendesha," alimwambia mzee, akaziba glasi. Gencho akamwagia kidole.

Mazungumzo yakawa ya theluji, na bei ya mbolea, na mbwa. Mkate ulikaa katikati ya meza, mzima, na kila mtu aliuangalia kwa pembe ya jicho. Vlaychev hakukawia. Alimgusa Trifon begani, wakamfuata Nevena jikoni, akafunga mlango kwa adabu.

"Bibi Nevena, samahani nakuibia mume siku yake." Alikuwa na sauti nzuri, sauti iliyozoea kutangaza angani kwamba hakuna tatizo. "Kapteni wa zamu ya leo amepatwa na homa. Ndege ipo, vifurushi vimekwisha kupakiwa, msaidizi ninaye, yule kijana. Kapteni sina. Nimepiga simu kila mahali, hawapokei. Sasa nimejua kwa nini hawapokei."

"Trifon ameshuka asubuhi hii," alisema Nevena.

"Najua. Lakini kufika muda wa kuondoka, saa zake za kupumzika zitakuwa zimetimia. Kwenye kompyuta amelala tangu alfajiri."

"Kwenye kompyuta," alisema Nevena, akitazama matope ya shambani kwenye suruali ya mumewe.

Vlaychev aliyaona pia. Alikohoa.

"Jumatatu napeleka jina la mtu wa meza. Ningependa liwe la mtu ninayeweza kumtegemea siku nikikwama. Sisemi zaidi ya hapo." Kisha, kana kwamba Trifon hayupo, akamgeukia Nevena. "Usiku mmoja huu tu, bibi. Kisha unarudishiwa usiku wake wote."

Akatoka, akavuta mlango nyuma yake. Wakamsikia sebuleni akicheka kicheko cha kuazima.

Trifon aliegemea kabati la vyombo. "Unasemaje?"

Nevena alifungua bomba, akaosha mikono iliyokuwa safi. Usiku mmoja, kisha wote. Aliuona ule upande wa kushoto wa kitanda, ambao shuka yake haikuwahi kukunjamana usiku. Aliona mapazia yakifunguliwa asubuhi, na Rada akishuka ngazi kwa kishindo kama watoto wa watu. Neno *nenda* lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Alikuwa na haki nalo. Alilingoja kwa miaka.

"Yale ya Ognyan ni kweli?" aliuliza badala yake.

"Yapi?"

"Ya habari za asubuhi."

"Kweli."

"Mlilala wote wawili. Muda gani?"

"Sijui, Nevena. Ndilo linalonitisha, kwamba sijui."

Alifunga bomba. "Na kwenye meza ile, kazi hasa ni nini?"

"Kupanga zamu."

"Akikosekana mtu?"

"Unapiga simu."

"Wasipopokea?"

Trifon aliutazama mlango. Kicheko cha Vlaychev kilikuwa kimeisha. Sasa alikuwa akimsifia mzee mvinyo ambao hakuuonja.

"Unanunua chupa," alisema Nevena, "unaifunga karatasi ya kumetameta, unakwenda kwa Ognyan siku ya jina lake. Unaangalia glasi."

Trifon alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili, polepole, kama anayejaribu kuuvua. "Niambie tu nifanye nini. Nimechoka hata kuamua. Ukisema niende, nakwenda. Ukisema nisiende, siendi. Kweli, Nevena. Chochote."

Naye alimaanisha. Hapo ndipo Nevena aliposhtuka kuliko alivyoshtuka kwa habari ya milimani. Mtu huyu alikuwa anamwomba mkewe amwamulie glasi yake mwenyewe, na kuna mtu sebuleni aliyetaka kumpa ndege aishushe gizani.

*

Alirudi mezani ameshika mtungi wa baba mkwe wake. Trifon alikuwa nyuma yake. Nevena aliiondoa sharubati, akaweka glasi tupu mahali pake, akamimina mvinyo hadi ukingoni. Matone mawili yakaanguka kwenye kitambaa cheupe.

"Sikunyweshi," alimwambia mumewe. "Nimekumiminia tu. Sharubati iko jikoni, sijaimwaga. Chagua mwenyewe."

"Kapteni," alisema Vlaychev taratibu. "Fikiri vizuri."

"Afikiri nini?" aliuliza mzee Gencho. "Ni siku yake."

Trifon aliketi, kisha akasimama tena, kama mtu aliyekumbuka kwamba jambo kama hili husemwa mtu amesimama.

"Bwana Vlaychev," alisema, "nimechoka. Sikulala. Leo sifai kuruka."

Maneno hayo kila rubani pale mezani aliyajua. Yamo katika sheria zao, na mwenye kuyasema hadaiwi sababu. Lakini mwaka hata mwaka walikuwa wakiyameza, maana anayeyasema mara moja huanza kupangiwa safari mbovu, na jina lake likitajwa ofisini watu hutazamana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuyasikia yakitoka kinywani mwa mtu. Ognyan aliweka uma chini.

Trifon aliinua glasi, akanywa nusu, akakunja uso.

"Baba, hii ni siki."

"Miaka yote hiyo inakungoja," alisema mzee. "Wewe ungengojeshwa hivyo, ungekuwa mtamu?"

Lilyana ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote. Katikati ya kicheko hicho Trifon alinyoosha mkono akamega mkate. Akamega Lilyana. Krastan alikaa akiutazama, akasema kitu kuhusu benki ambacho hakuna aliyekisikia, akamega kipande kikubwa kuliko vyote. Mkate ulikwenda mkono kwa mkono, mpaka ukafika mbele ya Vlaychev, na hapo ukasimama. Aliyekuwa karibu naye hakujua kama ampe au ampite. Vlaychev aliinuka, akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akawatakia heri, akatoka.

*

Nevena alimfuata uani na sahani iliyofunikwa. Si kwa wema mwingi. Mgeni wa siku ya jina hatoki mikono mitupu, na asingetaka kusikia kesho kwamba nyumba ya Gencho imesahau adabu. Vlaychev alikuwa amesimama kando ya gari lake akiongea na simu, mgongo kwenye nyumba.

"Hapana, mkurugenzi. Hapana, sijampata… Nimewaona wote kwa macho yangu… Si kwamba hawataki. Wamechoka." Alinyamaza, akisikiliza sauti kutoka ofisi kuu mjini Sofia ikifoka sikioni mwake. Kisha akasema, taratibu, "Basi nayo ndege ilale."

Alishusha simu akaitazama, kama imemtolea kitu asichokiagiza. Ndipo alipomwona Nevena.

"Meza itabidi nimpe mwingine," alisema. "Unajua."

"Najua."

"Wewe uliitaka kuliko yeye."

"Niliitaka." Hakuona sababu ya kuficha. "Hata sasa naitaka. Chukua, kabla hakijapoa."

Aliipokea, akafunua kona ya kifuniko. "Kuku amejazwa nini?"

"Wali na zabibu kavu."

"Mama yangu aliweka zabibu kavu." Alisimama na sahani mikononi, na bila ile sauti yake ya angani alikuwa mwanamume wa kawaida, mwenye pua nyekundu ya baridi. "Vitanda nitaviombea. Siahidi, bibi. Nitaomba."

"Ukipata, omba na mapazia," alisema Nevena. "Bila giza halali. Namjua."

Gari lake liliteremka polepole, likifuata alama za matairi ya wageni. Nevena alibaki kidogo kwenye baridi. Alijiruhusu kulililia pazia lake la asubuhi, si sana, kiasi cha kupangusa kwa ncha ya aproni, kisha akaingia ndani.

Alishangaa kusikia kimya. Wote walikuwa bado wamekaa, zaidi ya watu ishirini, na hakuna aliyetoa sauti. Lilyana alikuwa na kidole mdomoni. Krastan alishikilia uma wenye kabichi, hathubutu kuugusisha na sahani. Hata mzee Gencho, mfalme, alikuwa akisukuma kiti chake kwa inchi moja moja ili kisikwaruze sakafu. Mwisho wa meza Trifon alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, kipande cha mkate mkononi, macho ameyafumba. Rada alikuwa amesimama kando yake, akiwanong'oneza wageni mmoja mmoja kwamba baba amelala, tafadhali.

"Mbona mmenyamaza?" alisema Trifon, bila kufumbua macho.

Krastan aliuteremsha uma wake taratibu.

"Ongeeni. Leo siendi popote. Nataka nilale nikiwasikia."

Wageni walitazamana, na kwa kuwa hakuna aliyejua aanze vipi, macho yao yakamwangukia mtoto. Rada aliwatazama, akamtazama mama yake mlangoni, kisha akamwinamia baba yake.

"Baba," alisema, kwa sauti kubwa ambayo Nevena hakujua kama binti yake anayo, sauti ya babu yake kabisa, "unakoroma."

Walicheka mpaka glasi zikagongana mezani, na mzee Gencho akaanza kuimba, na mbwa akajibu uani. Trifon hakuamka.